Mkata Migomba

Siku Filemon alipomwona Lukresia kwa mara ya kwanza, Lukresia alikuwa amembeba mwanamume mzima begani. Ilikuwa gulio la Tarakea, mwaka 1995. Mlevi mmoja alikuwa amepora mkungu wa ndizi wa bibi kizee na kujifanya hasikii kelele za watu. Lukresia, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba ndizi kutoka mashambani hadi kwenye malori yanayovuka mpaka, aliuweka chini mzigo wake, akamnyanyua yule mlevi pamoja na mkungu, akamrudishia bibi ndizi zake, kisha akampandisha mlevi juu ya magunia ya lori lililokuwa limeshawashwa injini.

"Nenda," akamwambia. "Kenya watakupokea."

Lori likaondoka naye. Soko zima likalipuka kwa kicheko. Filemon, ambaye alikuwa amekwenda Tarakea kutafuta betri za gari, alisahau betri.

"Dada, unafanya kazi gani?"

"Si unaiona? Nabeba ndizi."

"Ungependa kubeba watu?"

Filemon alikuwa na banda la video pale Moshi mjini. Milango ya biashara ilikuwa imefunguka, kila mtu alikuwa akijaribu jambo, na yeye alikuwa akionyesha kanda za mieleka kutoka nje. Banda lilijaa hadi watu wakachungulia kwenye matundu ya misumari. Akawaza: kama watu wanapiga kelele namna hii kwa Wazungu wanaoangukiana kwenye kioo, je, wakimwona jirani yao akirushwa mbele ya macho yao? Wanaume aliwapata upesi. Lakini alikuwa amegundua kwamba bandani mwake waliopiga kelele kuliko wote walikuwa wanawake, kwa hiyo alitaka na wanawake wawili ulingoni.

Wa kwanza nilikuwa mimi, Gladness. Nilikuwa nauza mitumba mjini na kuimba sauti ya kwanza katika kwaya ya Kilutheri ya kwetu Old Moshi. Mwili wangu mdogo, lakini niliweza kujikunja kama kamba. Wa pili akawa Lukresia.

Tulifundishwa Shirimatunda, katika ghala la kahawa lililobaki tupu. Mwalimu wetu aliitwa Kornel, askari mstaafu aliyejifunza judo jeshini, mzee mfupi mwenye shingo kama kinu. Majuma mawili ya kwanza hakutufundisha kumpiga mtu. Alitufundisha kuanguka. Tulianguka juu ya magunia yaliyojazwa majani makavu ya migomba, kidevu kifuani, kiganja kikipiga chini kabla ya mgongo, mara mia asubuhi na mara mia mchana.

"Nani ashinde, hilo Filemon atalipanga," alisema. "Maumivu hayapangwi. Kila mmoja wenu anabeba shingo ya mwenzake. Mkilisahau hilo, rudini mkabebe ndizi na kuuza mitumba."

Pambano letu la kwanza lilifanyika Old Moshi, kwetu kabisa, kwenye uwanja wa mpira. Filemon alikuwa amepanga Lukresia awe mtu mwema, na mimi niwe mbaya mwenye kucha na hila. Ilikuwa aibu tupu. Lukresia aliponinyanyua juu, badala ya kumshangilia, watu walianza kulia: "Mwacheni mtoto wa watu! Atamvunja!" Shangazi yangu aliingia uwanjani na kijiti cha kuchungia ng'ombe, na pambano likaishia hapo.

Tulirudi nyuma ya pikapu, tumekaa juu ya mbao za ulingo. Tulipokaribia mjini Lukresia akagonga kioo cha dereva.

"Mimi ndiye mbaya," akasema. "Wameshaamua. Tusibishane nao."

Filemon akageuka kutoka kiti cha mbele, amefurahi. "Basi tutakuvisha pembe! Pembe na mkia!"

"Pembe za nini, kaka Filemon? Nani hapa Uchaggani aliyewahi kuumizwa na mtu mwenye pembe?" Akafikiri kidogo. "Nitafutieni mgomba. Na panga."

Tuliposhuka, aliniambia mimi peke yangu. Baba yake alipofariki, yeye akiwa na miaka minane, baba yake mdogo aliyeitwa Leodegar aliingia katika kihamba chao, shamba la migomba la ukoo. Aling'oa masale ya mpaka, yale majani yanayolinda mpaka, ambayo Mchagga hathubutu kuyagusa, halafu akakata migomba ishirini na mitatu, mingi ikiwa na mikungu mibichi. Alifanya hivyo mchana, watu wanaona. Mama yake, Elizabeth, hakupiga ukunga. Alikwenda akashika mgomba mmoja uliokatwa kama anayemshika mgonjwa, utomvu ukamchuruzika mikononi hadi viwikoni. Ulidondokea na gauni lake, na madoa yale hayakutoka tena.

"Sijawahi kumwogopa shetani kama nilivyomwogopa mtu yule siku ile," Lukresia alisema. "Nataka waniogope hivyo hivyo."

Tulianza Marangu. Katikati ya ulingo Kornel aliweka pipa lenye udongo, na ndani yake mgomba mrefu. Ulikuwa umeshavunwa na mwenye nao alikuwa anataka kuukata ampe ng'ombe, lakini sisi tulifunga juu yake mkungu wa ndizi mbichi kwa uzi, na kwa mbali ungeapa umezaa. Watu walidhani ni pambo.

Lukresia akaingia. Amejipaka masizi usoni, amevaa kaniki nyeusi juu ya suruali, panga mkononi. Hakupiga kelele. Alitembea taratibu akiuzunguka mgomba. Akalinusa jani. Akalipapasa shina, akatikisa kichwa kama anayeusifu. Mama mmoja wa mbele akasema, "Anafanya nini huyu?" Mwingine akajibu, "Hawezi kuukata."

Akakata. Mapigo matatu. Mgomba ukalala, mkungu ukapiga mbao kwa kishindo, ndizi zikatawanyika.

Kwa muda nilisikia kuku wa mtu akilia huko mbali. Halafu ikaja sauti ambayo sijawahi kuisikia tena popote, kama mlima unanguruma kutoka chini. Wazee walisimama. Wanawake walivua viatu wakavirusha. Mzee mmoja aliyekuwa na umri wa babu yangu alining'ang'ania mkono kwenye kona yangu, machozi yanamlengalenga: "Mwanangu, nenda. Nenda kamwadhibu yule!"

Nikapanda. Haki ya Mungu nilihisi nimekuwa mrefu kama mvule.

Na hapa ndipo pana jambo ambalo watazamaji hawakulijua. Lukresia ndiye aliyekuwa akiendesha kila kitu. Mimi nilikuwa abiria. Aliponikaba shingo huku watu wakipiga mayowe, mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ningeweza kuimba. Aliponirusha, kiganja chake kilikuwa kimeshafika chini ya kisogo changu kabla sijagusa mbao. Watu walimwona akininong'oneza wakadhani ananitukana. Alikuwa anasema, "Kushoto. Subiri. Sasa ruka." Mwishoni niliinama, nikamtia begani, nikamwinua juu na kumbwaga. Lukresia, mwenye uzito wangu mara mbili! Ukweli ni kwamba aliruka mwenyewe, mimi nilimsindikiza tu. Lakini Marangu nzima iliona binti mdogo wa Old Moshi amembwaga Mkata Migomba, na nilibebwa juu juu hadi barabarani.

Yeye alitolewa kwa kupigwa maganda ya ndizi. Nilimkuta nyuma ya pikapu akitoa maganda nywelini, macho yanang'aa kama mtu aliyetoka kuozwa.

"Gladi, umewasikia? Umesikia walivyonizomea?"

"Nimesikia."

"Yule bibi mwenye leso ya kijani alinirushia kiatu chake kizuri. Cha kanisani! Gladi, cha kanisani!"

Baada ya hapo hatukupumzika. Himo, Mwika, Machame, Sanya Juu, Arusha mara mbili. Kila tulipofika watu walikuwa wameshasikia, na walikuja mapema kupata nafasi ya kumchukia kwa karibu. Lukresia akazidi kunoa kazi yake. Pengine aliukata mgomba kwa pigo moja. Pengine alilinyanyua panga, akalishusha, akaondoka kama aliyebadili mawazo, watu wakapumua, halafu akageuka ghafla. Huko Machame aliketi akala ndizi moja ya mkungu aliouangusha, akaitema. Ilibidi polisi wawili watusindikize mpaka barabara kuu.

Haikuwa furaha tupu. Pale mjini muuza nyama mmoja alimwambia Lukresia hana nyama, ilhali nundu nzima ilikuwa inaning'inia nyuma yake. Jumapili moja kanisani, padri aliposema watakiane amani, Lukresia alimnyooshea mkono mama aliyekuwa pembeni yake. Yule mama akaangalia dari. Lukresia alinisimulia akicheka, akaigiza lile jicho la dari, kisha akaacha kucheka.

"Unataka tubadilishane?" nikamuuliza. "Mimi niwe mbaya mwezi mmoja."

"Wewe? Ukikata mgomba watadhani unamsaidia mama yako kupika mtori wa ndizi."

Sehemu moja tu hakukubali kwenda. Tarakea. Ndiko kwao, na mama yake alijua kwamba anafanya kazi ghalani Moshi. Kwa miaka mitatu kila Filemon alipoitaja Tarakea, Lukresia alisema mgongo unamuuma. Mwaka 1998 Filemon akachoka kuuliza. Akachapisha matangazo, akayabandika mpaka kwenye milango ya maduka ya mpakani, halafu ndipo akatuambia.

Lukresia alimsogelea. Nilidhani atampandisha kwenye lori.

"Haya," akasema. "Lakini masizi mnipake mara mbili."

Siku hiyo Tarakea ilifurika. Watu walivuka kutoka upande wa pili wa mpaka, wengine walipanda juu ya malori. Ulingo ulikuwa pale pale penye gulio, karibu na wauza maharage. Mimi na Kornel tulibeba mapipa mawili, kwa sababu Filemon alikuwa amebuni kwamba mgomba wa pili, mchanga, atapewa mshindi akaupande. Lukresia alifanya ishara ya msalaba nyuma ya pikapu, akaingia.

Alikata mgomba wa kwanza vizuri kuliko siku zote. Kelele zilinipiga kifuani. Tukaanza. Kushoto, kulia, kamba, chini. Kila kitu kilikwenda kama maji mpaka nilipoikimbilia kamba ya upande wa sokoni. Ubao ukatitia chini ya mguu wangu, nikaanguka vibaya, mkono wangu wa kulia ukanaswa kwenye kamba, na nikasikia ndani ya bega langu kitu kimechomoka mahali pake.

Lukresia akaniwahi kabla sijapiga kelele. Akanikaba shingo kwa kujifanya, mdomo wake sikioni mwangu.

"Nini?"

"Bega. Limetoka."

"La kulia?"

"Eee."

"Nyamaza. Gaagaa mpaka kwenye kona, ujifanye umezimia. Usiguse mkono ule. Niachie mimi."

Nikagaagaa. Watu waliona Mkata Migomba ameshinda, na kelele zikageuka kuwa za hatari. Watu walianza kusogea. Pambano lisingeweza kuishia hapo, wangeuvunja ulingo na sisi ndani yake. Na mimi ndiye niliyepaswa kumbeba begani na kumbwaga. Kwa mkono mmoja nisingeweza kubeba hata paka.

Lukresia akamsukuma Kornel, ambaye ndiye aliyekuwa refa. Kornel alielewa papo hapo, akaanguka kwa mbwembwe na kulala. Kisha Lukresia akaliokota panga, akaugeukia ule mgomba mchanga, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akapaza sauti ulingoni:

"Nani atanizuia? Wanawake wa Tarakea, hamna mikono? Tazameni basi, kama mlivyotazama siku zote!"

Mstari wa mbele akasimama mama mmoja mwembamba, mwenye mwavuli mweusi uliokunjwa. Nilimwona Lukresia akimwona. Panga likashuka. Kwa mara ya kwanza nilimwona akisahau kinachofuata, nami nikajua yule ni nani.

Mama Elizabeth akatembea hadi ulingoni. Watu wakamsukuma juu. Lukresia akalitupa panga mbali, nje ya kamba upande wa Filemon, na akabaki amesimama. Mama akainua mwavuli. Mimi nilikuwa nimelala hatua mbili kutoka kwao, na nilisikia kila neno.

"Lukresia," alisema bila kufungua meno. "Nimekujua tangu ulipoingia. Unatembea kama baba yako. Nikupige wapi isikuumize?"

"Mgongoni, mama," Lukresia akajibu. "Tena kwa nguvu."

Akapiga. "Moja!" akasema, na watu wakashangilia. "Mbili!" Akapiga tena. "Tatu!" Lukresia akayumba, akapiga goti, akatoa mlio kama nyati. "Nne! Tano!" Lakini ilipofika kumi sauti ya mama ilikuwa imebadilika. Hakuwa tena akiigiza. Hakuwa hata akimtazama Lukresia. Alikuwa akitazama juu ya vichwa vya watu, na mwavuli ulikuwa ukianguka popote, mara mgongoni, mara kwenye mbao. Wanawake wa rika lake wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Walikumbuka ile migomba. Halafu wakaanza kuhesabu naye, kwanza wachache, kisha gulio zima.

"Kumi na tisa! Ishirini!"

Kwenye wauza maharage alisimama mzee mmoja mwenye kofia ya sufu. Niliona watu wakimgeukia, wakiacha nafasi kumzunguka. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemwambia neno. Walikuwa wakihesabu tu, huku wakimtazama.

"Ishirini na moja! Ishirini na mbili! Ishirini na tatu!"

Mama Elizabeth akautupa mwavuli uliokuwa umepinda. Lukresia akaanguka chali, mzima mzima, mbao zikalia. "Gladi," akapumua, "sasa." Nikajikokota, nikamwangukia kifuani kwa bega zima, Kornel akafufuka na kuhesabu tatu, na Tarakea ikapasuka. Wanawake walipanda ulingoni kumbeba mama Elizabeth. Mimi hawakunikumbuka, namshukuru Mungu, maana wangenishika mkono ule.

Nyuma ya pikapu Kornel alinirudishia bega kwa mvuto mmoja ulionifanya nione nyota mchana. Nilipofungua macho, mama Elizabeth alikuwa amemkalisha Lukresia juu ya tairi, anamfuta masizi kwa pembe ya kitenge chake.

"Ghalani," alikuwa akisema. "Uliniambia uko ghalani."

"Tunafanyia mazoezi ghalani, mama. Haukuwa uongo wote."

"Na hiyo suruali?"

"Mama..."

"Mgongo unauma?"

"Unauma sana."

"Vizuri," mama akasema. Kisha akauegemeza uso wake kwenye ule mgongo, na wote wawili wakalia mpaka Filemon akaenda kujifanya anakagua matairi ya mbele.

Majuma matatu baadaye Leodegar, yule mzee wa kofia ya sufu, alikwenda kwa shemeji yake akiwa na jani la isale mkononi, kama mtu anavyofanya kwetu anapoomba msamaha. Mama Elizabeth alilipokea. Hakumkaribisha ndani. Alimwambia atafikiri, na alifikiri mwaka mzima, akimwacha aje kila mwezi kuuliza.

Sisi tuliendelea. Lakini ilipofika mwaka 2001 kila baa ya Moshi ilikuwa na runinga, na mieleka ya nje ilionekana bure kwa kila mwenye soda mkononi. Filemon alianza kuzungumzia kuuza mbao za ulingo. Lukresia ndiye aliyekataa.

"Tuvuke mpaka," akasema. "Loitokitok hawajatuona."

"Loitokitok ni wafugaji," Filemon akamwambia. "Ukiwakatia mgomba watakusaidia kubeba."

"Najua."

Tulifika asubuhi. Tulipokuwa tunafunga kamba, Lukresia alitoweka. Nilimkuta sokoni amechuchumaa karibu na bibi mmoja wa Kimasai aliyekuwa akiuza maziwa.

"Shikamoo, bibi," alikuwa akimwambia. "Niambie kitu kimoja. Mtu akifanya jambo gani hapa kwenu, hamtamsamehe?"

Bibi akamtazama, akatazama vibuyu vyake, akacheka. Halafu akaacha kucheka, akamwambia.

Mchana uwanja ulijaa. Watu warefu, wametulia, wameegemea fimbo zao, wanatutazama sisi Wachagga kwa subira kama wanaotazama mbuzi wageni. Lukresia akaingia bila panga. Mikononi alikuwa na kibuyu kikubwa cha maziwa, kilichopambwa shanga. Akakizungusha aone kila mtu. Akakifungua, akanusa, akatikisa kichwa kwa kusifu. Mzee mmoja akatabasamu.

Kisha, taratibu, akikitazama kile kijito cheupe kama anayemwagilia mchicha, akayamwaga yote chini.

Fimbo zilinyanyuka zote kwa pamoja. Sauti ile ya Marangu ikaja tena, lakini ya watu wengine, kwa lugha nyingine, na ngozi yangu ikasisimka kuanzia visigino. Yule bibi muuza maziwa ndiye aliyepiga ukunga kuliko wote, na yeye alikuwa anajua ni maigizo. Lukresia akanigeukia, mgongo wake kwa watu, na katikati ya masizi niliyaona meno yake yote.

"Njoo, Gladi!" akanong'ona. "Njoo unipige kabla hawajafika!"

Nikairuka kamba.